Kuwaita Wazazi wa Watoto Wetu Wadogo



Yako mambo ambayo watu wote huyasifu kwa ulimi, na wachache huyaendea kwa miguu. Moja katika hayo ni mkutano wa wazazi. Mwulize baba yeyote kama ni vizuri wazazi na walimu kukaa pamoja na kushauriana juu ya watoto. Atakujibu kuwa ni vizuri sana. Kisha mwite Jumamosi saa tisa, utazame kama utamwona. Hatuandiki haya kwa kumlaumu baba huyo, maana mara nyingi anazo sababu zake. Twaandika ili kueleza tuliyoyaona katika kazi ya kuwaita wazazi wa darasa dogo la chekechea hapa Itungi, tukitaraji kwamba wenzetu wenye madarasa kama hili, na wazazi wanaopokea wito kama wetu, watapata humo neno la kuwafaa.

Neno lenyewe ni hili: mkutano wa wazazi wa watoto wadogo hauwezi kusimama mpaka ufuate maisha ya nyumba wanamotoka watoto hao. Saa yake, kikao chake, lugha yake na mazungumzo yake, yote yatoke nyumbani. Mkutano ukifuata maisha ya shule peke yake, shule itakutana na viti.

Kwa wasioijua nchi hii, Itungi ni bandari ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, katika wilaya ya Kyela, mkoa wa Mbeya. Wasafiri wa zamani wanaikumbuka kwa MV Iringa na MV Songea, zilizochukua watu na mizigo kutoka hapa kwenda Lupingu, Manda, Liuli hata Mbamba Bay. Hapa ndipo zilipoundwa pia meli mbili za mizigo, MV Njombe na MV Ruvuma, zilizoingia majini mwaka 2017. Nchi ni tambarare, na mvua yake ni nyingi, aghalabu hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Mito inayoteremka milimani huleta mchanga na tope mpaka mlango wa bandari, na mwezi wa Aprili njia nyingi za miguu hugeuka kuwa maji. Watu hulima mpunga na kakao, huvua usipa na mbasa, na wengine hupakia na kupakua mizigo. Waislamu si wengi. Wamisheni wa Kijerumani walifika katika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891, na walio wengi wakafuata dini yao. Kwa hiyo darasa letu, ijapokuwa limejengwa kando ya msikiti, lina watoto wa Kiislamu pamoja na watoto wa jirani zao Wakristo, na wote hunywa uji wa sufuria moja. Watoto ni 31, umri wao ni kutoka miaka mitatu hadi mitano, na wametoka katika nyumba 24.

Sisi tunaoandika ni walimu wawili na wajumbe watatu wa kamati. Tulipoipokea kazi hii tuliikuta desturi iliyozoeleka pande nyingi. Wazazi waliitwa mara mbili kwa mwaka, kwa kipande cha karatasi alichopewa mtoto apeleke nyumbani. Mtoto wa miaka minne ni mjumbe mwaminifu, lakini karatasi yake aghalabu hufika nyumbani imekwisha kuwa mashua. Wachache waliokuja walikaa juu ya viti vidogo vya watoto, magoti yakikaribia kidevu, wakasomewa madeni: ada ya fulani, sukari ya uji, bati linalovuja. Aliyedaiwa aliinamisha kichwa mbele ya jirani zake. Asiyedaiwa alitazama saa. Kisha ikasomwa dua, kila mtu akashika njia yake. Daftari la mkutano wa mwisho wa namna hiyo lina majina ya watu 7.

Si ajabu. Mtu akiitwa mara tatu, na kila mara wito ukawa wa mfuko wake, mara ya nne atakuwa na safari. Hata katika shule za serikali, ada na michango ilipoondolewa mwaka 2016, tuliwasikia watu wakiulizana, ‘Basi mkutano wa nini tena, kama hakuna mchango?’ Swali hilo si la mjinga. Ni swali la mtu ambaye hajapata kuitwa kwa jambo jingine.

Kabla ya kuigeuza desturi hiyo tulitazama walivyofanya wenzetu wa pwani, kwani mwenye kutangulia njia huacha alama. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa pwani ya Kenya walimwomba Aga Khan awasaidie katika elimu ya watoto wao, ambao wengi walikuwa nyuma ya wenzao mashuleni. Kazi ya shule za chekechea zilizofungamana na madrasa ilianza Mombasa mwaka 1986, Bi Swafiya Said akiwa mwalimu wa mstari wa mbele, ikafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Watu wa kazi ile walianza na mazungumzo kabla ya matofali. Wenyeji wa mahali walikaa wakaamua wao wenyewe kama wanaitaka shule, wakachagua kamati yenye wanawake ndani yake, wakatoa wanawake wa hapo hapo kwenda kujifunza ualimu, na wakatengeneza vifaa vya watoto kwa vitu vilivyopatikana karibu. Mwaka 2008 wataalamu Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walitangaza matokeo ya uchunguzi wao katika nchi zile tatu: watoto waliopitia chekechea waliendelea kiakili kuliko waliobaki nyumbani, na waliopitia chekechea za madrasa wakaendelea zaidi. Hatusemi kuwa mikutano peke yake ndiyo iliyoleta matokeo hayo. Twasema tu kuwa shule zile zilizaliwa barazani, na mtu hakiachi ovyo kitu alichokizaa.

Serikali yetu nayo haikulala. Sera ya elimu ya mwaka 1995 iliiingiza elimu ya awali katika mpango rasmi wa nchi. Ile ya mwaka 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa elimu hiyo kuwa wa lazima kabla ya darasa la kwanza. Na Desemba 2021 ukazinduliwa mpango wa taifa wa malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, kwa watoto tangu kuzaliwa hata miaka minane, uliopangiwa muda wa mpaka 2025/26. Lakini sera haiwezi kubisha hodi katika nyumba ya mvuvi. Lazima mtu aende.

Tukaenda. Jambo la kwanza tulilofanya lilikuwa kuziacha karatasi. Kwa muda wa majuma mawili tulizizungukia nyumba zote 24 kwa miguu, tukiuliza maswali matatu tu: Nani anayekaa na mtoto kutwa? Siku gani na saa gani mpo nyumbani? Nanyi mngependa kujua nini juu ya mtoto wenu? Hatukuchukua daftari la madeni, wala hatukutaja ada hata tulipoulizwa.

Majibu yalitufunza mengi. Katika nyumba 9 aliyemlea mtoto kutwa alikuwa bibi yake, maana mama yuko shambani au sokoni, na baba yuko ziwani, au yuko Mbeya kwa kazi. Basi tukajua kuwa wito unaosema ‘wazazi’ peke yake humwacha nje yule anayemwosha mtoto, anayemlisha na kumsimulia hadithi. Bibi mmoja alitwambia, ‘Walimu wangu, hicho Kiswahili chenu cha vitabuni mimi sikisikii vizuri. Mkisema na Kinyakyusa, nitakuja.’ Tangu siku hiyo kila neno la mkutano husemwa kwa lugha mbili, na anayetia maneno katika Kinyakyusa ni mmoja wa wazazi, wala si mwalimu, ili wazazi wasikie sauti yao wenyewe barazani.

Juu ya siku, tulipata jibu ambalo tusingalilipata katika kitabu. Wavuvi wa usipa huvua usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukipevuka samaki hawaijali taa, na wavuvi hubaki nyumbani wakitengeneza nyavu. Mzee mmoja alisema, ‘Ninyi mnatuita gizani. Tuiteni mbalamwezi.’ Na nyumba gani ya Kiislamu isiyojua mwezi unapevuka lini? Tarehe kumi na tatu, kumi na nne na kumi na tano za kila mwezi wa kiislamu ndizo siku nyeupe, ambazo wengi hufunga kwa sunna. Basi tukaweka mkutano uwe katika siku hizo, baada ya sala ya Alasiri, usiwe Ijumaa kwa ajili yetu wala Jumapili asubuhi kwa ajili ya jirani zetu. Na muda wake ni saa moja tu, ili aliyefunga awahi kufuturu. Tena tulikumbuka kuwa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipokuwa akiswalisha na akasikia kilio cha mtoto, aliifupisha sala kwa kumhurumia mama yake. Ikiwa sala ilifupishwa kwa ajili ya mtoto anayelia, mikutano yetu sisi ni nini?

Likabaki jambo la kikao, na hili lilitaka adabu nyingi. Wanyakyusa wanayo desturi ya zamani ya mkaza mwana kumwepuka baba mkwe wake: asimtazame, asikutane naye njiani, asikae naye mahali pamoja. Bibi Monica Wilson, aliyekaa na watu hawa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika habari zake kwa urefu. Siku hizi desturi hiyo imelegea, lakini haijaondoka. Tuliona katika nyumba tatu kwamba mama wa mtoto hakuwa akija mkutanoni kwa sababu baba mkwe wake, mtu mwenye bidii, alikuwa haukosi mkutano. Walimu waliotutangulia waliandika kuwa mama yule ‘hana mwamko’. Kumbe alikuwa na heshima!

Basi tukakaa baraza mbili. Wanawake ndani ya darasa, juu ya mikeka. Wanaume nje, chini ya mwembe. Nyumba za Kiislamu zimezoea kukaa hivyo, na jirani zetu hawakuona uzito. Lakini tuliogopa jambo moja: baraza mbili zisije zikawa amri moja, wanaume wakakata shauri na wanawake wakapelekewa habari. Kurani Tukufu, katika Sura ya al-Baqara, aya ya 233, ilipotaja kumwachisha mtoto ziwa kabla ya muda wake, iliambatanisha jambo hilo na radhi na mashauri ya wazazi wawili, baba na mama. Ikiwa ziwa la mtoto lina mashauri ya wawili, vipi elimu yake? Tukaweka sharti kwamba hapana neno litakalopita mpaka baraza zote mbili zilikubali. Zisipokubaliana, neno hungoja mwezi mwingine.

Mkutano wa kwanza wa namna hii ulikuwa mwezi wa Machi. Walikuja watu 26, kutoka nyumba 19. Kazi za watoto tulizipanga juu ya mikeka, kila mtoto mahali pake: michoro yake, magunzi aliyoyafunga, mbegu alizozipanga, kikapu kidogo cha makuti. Kila mzazi alikaa mbele ya kazi ya mtoto wake. Hatukumtaka mtu yeyote asome wala atie saini, kwani wapo wasiojua kusoma, na aibu ya mkubwa ni nzito kuliko ya mdogo.

Upande wa wanaume mambo hayakuwa laini. Baba mmoja, mpakiaji wa mizigo bandarini, alisimama akasema, ‘Mwalimu, samahani. Mwanangu kila siku hurudi na vizibo vya soda mfukoni. Mimi nimemleta asome, nanyi mnamchezesha. Kucheza hata kwetu anacheza.’ Wengine wakanyamaza, na tukaona nyusoni mwao kwamba amewasemea wengi.

Mwalimu wetu hakumhubiria. Alimwuliza, ‘Baba, ikiletwa shehena iliyochanganyika, magunia ya mchele, ya kakao na ya unga, waanzaje kazi?’

‘Nayatenga kwanza, kila mali na mali yake.’

‘Kisha?’

‘Nayahesabu kwa mafungu. Ukihesabu gunia moja moja utapotea.’

Mwalimu akamwita yule mtoto, akamwekea sinia ya vizibo vya rangi nyingi. Mtoto akavitenga, chekundu na chekundu, cheupe na cheupe, kisha akavipanga matano matano. Alipoulizwa mafungu mawili ni vizibo vingapi, alijibu, ‘Kumi,’ bila kuvihesabu tena. Baba akakaa kimya kidogo, kisha akauliza, ‘Nani amemfundisha mafungu?’ Mwalimu akajibu, ‘Ameanza kwako, baba, akikutazama. Sisi tumempa vizibo.’ Watu wakacheka, naye akacheka. Tangu siku hiyo hatujasikia tena kuwa watoto wanachezeshwa bure, na baba yule ndiye anayetuletea vizibo kutoka maduka ya bandarini.

Lakini jambo lililokuwa zito zaidi lilitokea upande wa wanawake, ndilo tunalotaka msomaji alishike. Mama mmoja, ambaye mumewe yuko mbali kwa kazi, alisema taratibu kwamba mwanawe, msichana wa miaka mitano, hatakuja tena kuanzia juma lifuatalo. Mpunga umeanza kuchanua, ndege wanashuka, na hana mtu wa kuamia shambani ila yeye na watoto wake. ‘Mpunga ule ndio chakula chetu cha mwaka,’ alisema. ‘Ndege wakila, nitamlisha nini huyo mnayetaka asome?’

Tulijua habari ya mtoto huyo. Miezi mitatu ya kwanza hakusema neno lolote darasani. Katika mwezi ule wa Machi ndipo alipoanza kutaja majina ya wenzake. Mwaka uliotangulia watoto 11 waliondoka kwa ajili ya ndege, na baadhi yao hawakurudi tena, wakaingia darasa la kwanza kama wageni. Tulijua pia kwamba mama yule amesema kweli tupu. Shule inayomwambia mama achague baina ya chakula na kitabu, imekwisha kumchagulia.

Hakuna aliyemkemea. Bibi yule wa Kinyakyusa aliuliza, ‘Ndege wanashuka saa ngapi?’ Kila mwanamke katika baraza ile alilijua jibu: alfajiri mpaka jua likipanda, kisha tena alasiri. Katikati ya mchana, jua likiwa kali, ndege hujificha mitini. Bibi akasema, ‘Basi watoto na waje ndege wanapolala.’ Maneno hayo machache yalikuwa bora kuliko mipango yote tuliyokuwa tumeiandika. Darasa letu lilikuwa likifunguliwa saa mbili asubuhi, kwa sababu tu shule zote hufunguliwa hivyo. Wanawake wakaomba, kwa majira ya ndege, lifunguliwe saa nne na kufungwa saa saba. Tena wakaomba mashamba yanayopakana yawekewe zamu ya watu wazima, wanaume pia waingie katika zamu hiyo, na pawepo mtu mzima wa kuwavusha watoto penye maji.

Neno likapelekwa chini ya mwembe, na huko likakwama. Saa nne waliikubali mara moja. Zamu hawakuikubali. Kuamia ndege, walisema, ni kazi ya wanawake na watoto tangu hapo, na mwanamume aliyetoka ziwani usiku kucha hawezi kushinda shambani akipiga debe. Sharti letu ni sharti: neno halikupita. Yule msichana akaondoka darasani, tukauona mkeka wake hauna mtu.

Mwezi ulipopevuka tena, katika Aprili, maji yalikuwa mengi na watu walikuwa wachache, 17 tu. Hapo mzee mmoja wa baraza ya wanaume aliwakumbusha wenzake neno la kwao, ukwangala, yaani raha ya watu kukaa pamoja, kuzungumza na kusaidiana. Wazee wao walijenga vijiji kwa marika, na mtu alihesabiwa kuwa mtu kwa vile anavyokaa na wenziwe. ‘Twajisifu kwa ukwangala,’ alisema, ‘na jirani yetu yuko peke yake na ndege.’ Hakusema zaidi. Wanaume saba wakajiandikisha katika zamu, kila mmoja asubuhi moja katika juma, na wawili wakachukua kazi ya kuwavusha watoto.

Msichana alirudi mwezi wa Mei. Siku mbili alikaa mlangoni, mgongo ukutani. Siku ya tatu aliomba vizibo. Hatutaki msomaji adhani kwamba kila kitu kilinyoka: alikuja siku tatu katika juma, si tano, na juma moja maji yaliwazuia watoto wote. Katika wale ambao mwaka uliotangulia wangaliondoka, watatu waliondoka vivyo hivyo. Wala madeni ya ada hayakwisha. Tofauti ni kwamba siku hizi deni huzungumzwa nyumbani kwa mwenye deni, kwa sauti ya chini, na mtu haogopi kuja barazani kwa sababu yake.

Kutokana na haya twapenda kuwapa wenzetu mashauri machache.

Kwanza, mwalimu na aende nyumbani kabla ya kumwita mtu aje shuleni. Miguu ya mwalimu ndiyo barua ambayo haigeuki kuwa mashua.

Pili, mwiteni anayemlea mtoto, hata kama si aliyemzaa. Bibi, shangazi na dada mkubwa wanajua mambo ya mtoto ambayo mwalimu hayajui.

Tatu, mpeni kila mzazi habari ya mtoto wake mwenyewe, na ianze kwa jema. Habari ya watoto wote kwa jumla haimtoi mtu kwenye nyavu zake.

Nne, fedha isiwe mgeni wa heshima katika baraza. Ikibidi kuzungumzwa, iwe mwisho, tena bila kutaja jina la mtu.

Tano, na hili ndilo gumu: shule iwe tayari kubadilika kwa yale inayoambiwa. Wazazi huona upesi sana kama wameitwa kushauriwa au wameitwa kuarifiwa. Wakiona saa ya darasa imebadilika kwa neno la bibi mmoja, watakuja tena.

Kwenu vijana mnaosoma ukurasa huu, hamwezi kukosa kazi. Baba akiwa safarini, kijana aliyekwisha pata akili aweza kumwakilisha mkutanoni na kumletea habari. Msichana aweza kuwashika watoto wachanga saa moja, mama zao wakae kwa utulivu. Na yeyote ajuaye lugha mbili aweza kuwa ulimi wa bibi yake.

Nanyi akina baba, hatuwaombi jambo kubwa. Jioni mtoto akirudi, msimwulize alipata ngapi, maana hajafika huko. Mwulizeni alicheza nini na nani, mkasikilize mpaka amalize. Huo nao ni mkutano wa wazazi, na hauna ada.

Mwezi ukipevuka tutakaa tena, baada ya Alasiri, wanawake juu ya mikeka na wanaume chini ya mwembe. Mwenyezi Mungu atujaalie kuzishika vema amana hizi ndogo alizotukabidhi, na azitie baraka nyumba za wote wanaozilea. Amin.